Chumba cha Trei za Mayai

Trei mia na kumi na mbili za mayai
nimezibandika kwa gundi ya unga wa muhogo
ukutani, darini, nyuma ya mlango:
studio yangu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Mbele nauza betri na kuunga waya za redio,
nyuma nanasa sauti za watu.

Kwaya zimepita humu. Matangazo ya nyama choma.
Mgombea udiwani aliyekohoa robo saa.
Kisha, Jumanne moja, baiskeli ikaegeshwa
akaingia Frosa, Efrosini kwa cheti,
nywele kazifunga kwa uzi wa katani,
akauliza bei kabla ya salamu.

Mtaa ulishamgawa zamani, kama mkate wa ajemi:
kipande cha Thanasi Mgiriki, fundi wa korona kule Pongwe,
aliyebaki wenzake walipofunga masanduku;
kipande cha Nesi Eunike, Mbondei wa Magila,
wodi ya wazazi, Bombo, zamu ya usiku.
Kwa Wagiriki wawili waliosalia, ni mtoto wa yule nesi.
Kwa wajomba Muheza, ni Mzungu wetu, mpeni kiti.
"Nimechoka na viti," aliniambia.
"Washa mashine."

Ulianza chini, pumzi tu:
vuta… subiri… subiri… sasa.
Nikapajua mahali pale. Mke wangu alizalia Bombo.
Ndio mwendo wa Nesi Eunike usiku wa manane,
kiganja juu ya tumbo la mtu,
haogopi, hana haraka.
Besi langu halikuwa na la kuongeza.

Halafu likaja lile neno.
*Klise tin porta.*
Alilivuta kutoka kisiginoni,
akalikunja, akalikunjua, akalivunja katikati
kama mtu avunjaye muwa gotini,
na mimi, niliyezoea kulia kwa vitunguu,
nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

"Maana yake?"
"Sijui vizuri. Kigiriki hakunifundisha.
Hilo tu huniambia, kila magharibi, tangu mdogo.
Nadhani ni: usiniache.
Au: moyo wangu. Kitu cha hivyo."

Produsa wa Dar akapiga simu.
Sauti ipo, alisema, ila hilo neno toa,
soko halitajua pa kukuweka.
Frosa akanirudishia simu:
"Mwambie mtandao umekata."
Haukuwa umekata.

Ijumaa akamleta mzee.
Thanasi, miaka sabini na tisa,
vidole viwili vililiwa na korona.
Nikamvisha vipokea sauti.
Kwenye pumzi aliitikia kwa kichwa: kamtambua mkewe.
Likaja neno.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakateleza,
akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:
"Mwanangu, hii ni *funga mlango*.
Mbu wanaingia."

Trei zote zikameza kimya.
Frosa akawa mwekundu, kisha mweusi,
kisha rangi yake mwenyewe.
"Miaka ishirini na nne," akasema, "nimelilia mbu."

Mzee alikuwa anafuta miwani.
Alifuta kioo kimoja tu, hichohicho.
"Kaka yako alikuwa na miezi tisa.
Homa ilimchukua Alhamisi.
Wewe ulipozaliwa, sikuwa na neno lingine."

Nilimuuliza kama turekodi upya.
"Liache."

Sasa neno linazunguka mjini.
Wauza vitumbua wa Makorora wanalikosea kwa raha,
*kilisi tiporota*,
kijana wa Chumbageni kaliandika kwenye madigadi,
akidhani ni jina la mwanamke.

Jana usiku natoka dukani
nikasikia jirani anambembeleza mwanawe kwalo,
sauti mbovu, polepole, vuta, subiri.
Mlango wake ulikuwa wazi.
Nikaurudisha kwa vidole, usilie,
nikaenda zangu.